MJI UKISEMA UTANUNUA STIMA YA UPEPO NA JUA, SISI WAFANYA KAZI TUULIZE NINI?

(Haya ni maneno ya mwanachama wetu, mfanya kazi wa reli katika gengi la njia, aliyoyasema mbele ya mkutano wa wanachama, Laiser Hill. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.)

Kamati ilinituma nitafute habari ya stima, na hasa habari ya miji ambayo serikali zake zimeahidi kununua stima ya upepo, ya jua na ya maji, kisha nije niwaeleze. Ndugu mmoja alicheka, akasema mtu wa gengi atajua nini juu ya stima, kazi yake ni kokoto na taruma. Ni kweli. Elimu yangu ni ya shule ya misheni, darasa la nane, basi. Lakini nimeuliza mafundi, nimesoma karatasi polepole nikiwa na kamusi mkononi, na yale niliyoyafahamu ndiyo nitakayosema. Nisiyoyafahamu nimeyaacha nyumbani.

Nitaanza mbali, halafu nitarudi hapa kwetu.

Kuna mji wa Chicago, katika Marekani, mji mkubwa wa viwanda na wa reli nyingi sana. Mwaka 2017 serikali ya mji ule ilitoa ahadi mbele ya watu ya kwamba ukifika mwaka 2025 majumba yake yote yatatumia stima ya jua na upepo. Sikilizeni vizuri, nimesema majumba ya serikali ya mji. Ofisi zake, viwanja vyake vya ndege, mashini za kusafisha maji, maktaba, vituo vya polisi na vya zima moto. Sikusema nyumba za watu. Mwananchi wa Chicago aendelea kununua stima yake mwenyewe kama kawaida. Mwaka 2022 mji ukatia sahihi mkataba na kampuni inayouza stima, na kwa nguvu ya mkataba ule shamba kubwa la jua likajengwa mbali na mji, katika mashamba ya jimbo la Illinois, shamba la megawati 593. Tangu tarehe 1 Januari 2025 majumba yale yote, zaidi ya mia nne, yahesabiwa kuwa yatumia stima ya namna hiyo. Ahadi ilitimia katika mwaka ule ule uliotajwa, na hili peke yake ni jambo la kusifiwa, kwani sisi tumezoea ahadi zinazopita mbele ya stesheni bila kusimama.

Mtaniuliza, stima ya shamba lile yafikaje katika ofisi ya meya, nayo waya ni mmoja unaobeba stima ya kila aina? Swali hili lilinisumbua hata mimi. Fundi mmoja alinieleza hivi. Fikirini ghala kubwa la mahindi. Mkulima wa Loitokitok amwaga gunia lake, mkulima wa Narok amwaga lake, wa Kitale amwaga lake, yote yanachanganyika. Wewe ukienda kuchukua gunia moja huwezi kusema punje hizi ni za Loitokitok. Lakini ukiwa umemlipa mkulima wa Loitokitok alete gunia moja, naye akalileta, basi ndani ya ghala mna gunia moja la Loitokitok lililoingia kwa sababu ya fedha yako. Stima ndivyo ilivyo. Mji haununui umeme fulani utambae mpaka kwenye taa fulani. Mji walipa ili stima ya jua iingie katika waya kwa kiasi kile kile ambacho mji watoa.

Hesabu yake huandikwa kwa hati. Kila yuniti 1,000 zilizotengenezwa kwa jua au upepo hupewa hati moja, na mwenye hati ndiye awezaye kusema, stima hii nimeinunua mimi. Na hapa ndipo penye ujanja, ndugu zangu. Hati yaweza kuuzwa peke yake, bila stima. Basi serikali ya mji yaweza kukaa kitako, ikanunua hati za mtambo wa zamani ambao ungefanya kazi vile vile hata mji ule usingekuwako duniani, kisha ikapiga picha na kusema, sisi ni safi. Hakuna nguzo iliyosimamishwa, hakuna fundi aliyeajiriwa. Chicago nayo sehemu fulani ya stima yake yahesabiwa kwa hati tu, lakini sehemu kubwa yatoka katika shamba jipya ambalo mkataba ule ulisaidia kulijenga. Ahadi ya kujenga na ahadi ya makaratasi zaitwa kwa jina moja. Tusidanganyike na jina.

Sasa turudi kwetu.

Kwanza yafaa tujue ya kwamba kununua stima ya maji na upepo si jambo geni katika Kenya, wala hatukufundishwa na Chicago. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa pale Jinja, na baadaye kampuni ya stima ya Nairobi ilinunua nguvu ya mto Nile kwa mkataba mrefu, ikaletwa kwa nyaya kutoka Uganda. Pale Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini watengeneza stima tangu mwaka 1981. Na katika kaunti yetu hii hii, juu ya vilima vya Ngong, mashini mbili za upepo zilisimamishwa mwaka 1993, zawadi ya serikali ya Ubelgiji. Wazee wa Ngong wasema watu walikwenda kuzitazama siku ya Jumapili kama wanavyokwenda kutazama ndege. Leo Ngong ina mitambo ya megawati 25 na nusu, mali ya KenGen.

Kwa hiyo ukichukua stima yote inayotengenezwa katika Kenya, karibu mafungu tisa katika kumi yatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Chicago ilikuwa na safari ndefu. Sisi tumekwisha kufika karibu na mwisho wa njia bila meya yeyote kuahidi. Basi mtu akisimama katika mkutano wa hadhara hapa Kitengela akasema, mimi nitahakikisha mji wenu wanunua stima safi, yatupasa tumwulize, bwana, safi kuliko hii tuliyo nayo kwa namna gani? Maana kuahidi mtu wa Olkaria mvuke ni kumwahidi mtu wa Mombasa maji ya chumvi.

Hata hivyo lile fungu la kumi lililobaki ndilo linalotuumiza. Jua likizama, watu wakirudi nyumbani, taa zote zikawashwa, redio na televisheni na pasi, kuanzia saa moja mpaka kama saa tatu na nusu za usiku stima yahitajika kuliko wakati wowote. Jua limelala. Hapo ndipo mitambo ya mafuta mazito huwashwa. Na iko wapi? Baadhi yake ni jirani zetu. Hapa upande wa Athi River iko mitambo miwili mikubwa ya namna hiyo, tangu mwaka 2014 na 2015, kila mmoja wa megawati kama 80. Mafuta hayo hununuliwa kwa dola. Gharama yake haikai kwa mwenye mtambo, yashuka mpaka kwangu na kwako. Tazameni ujumbe mnaopokea katika simu mkinunua tokeni. Fedha yenu yakatwa vipande, na kipande kimoja kimeandikwa kuwa ni gharama ya mafuta. Wengi wetu hatusomi mstari ule, twatazama tu yuniti ni ngapi, twasikitika, twafunga simu. Nawaomba muanze kuusoma, nitawaambia sababu baadaye kidogo.

Nitasema sasa juu ya Kipeto, kwa kuwa ni mali ya kaunti yetu na watu wengi hapa wamekwenda kule kutafuta kazi.

Kipeto iko upande wa magharibi wa Isinya, katika malisho ya Wamasai. Kuna mashini 60 za upepo, na tangu Julai 2021 zauza stima, jumla yake megawati 100. Mnunuzi ni mmoja tu, Kenya Power, kwa mkataba wa miaka 20. Wenye ardhi hawakufukuzwa. Walikodisha mahali pa mashini, wao na ng'ombe wao wakaendelea kukaa, hulipwa kodi, na tena wananchi wa pale walitengewa fungu la mia kwa tano katika kampuni kwa njia ya amana yao. Nasema hili kwa sababu pale Kinangop mambo yalikwenda vingine. Kulikuwa na mpango wa upepo wa megawati 60, wananchi hawakuridhika na habari ya ardhi, pakawa na fujo, na mwaka 2016 mpango ukafa. Mashini ni zile zile za upepo, upepo ni ule ule wa Mungu. Tofauti ilikuwa katika maneno yaliyosemwa na watu kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa.

Kuna kazi moja pale Kipeto iliyonipendeza sana. Wako vijana wa kutazama tai. Kwa kuwa tai wa nchi ile wamekuwa wachache, watu hao hukaa juu ya vilima na darubini, na wakiona tai anakaribia mapanga, hutoa amri mashini isimamishwe mpaka ndege apite. Mimi niliposikia nikakumbuka mshika bendera wetu katika reli. Kijana wa malisho asimamisha mashini ya mamilioni kwa neno lake! Ni kazi nzuri, na si kazi iliyokuwamo katika kitabu chochote cha shule.

Lakini tusijidanganye kwa hesabu. Wakati wa kujenga, vibarua ni wengi. Ujenzi ukiisha, mashini zaangaliwa na watu wachache. Na kodi humwendea mwenye ardhi. Sisi wapangaji wa Kitengela, tunaolala katika chumba kimoja na kuamka saa kumi za usiku kwenda Athi River, hatuna ardhi Kipeto. Faida yetu itatoka mahali pawili tu, katika bei ya yuniti au katika ajira. Kama haitoki hapo, basi upepo wavuma kwa wengine.

Tena nataka kumjibu mzee aliyelalamika mkutano uliopita. Alisema waya mkubwa wapita juu ya boma lake nao watoto wasoma kwa koroboi. Nimeyaona mambo hayo kwa macho yangu, kazini, upande wa njia ya Kajiado. Mzee anafikiri amenyimwa kwa makusudi. Sababu ni hii. Stima ya Kipeto yakwenda Isinya kwa nguvu ya volti 220,000. Nyumba yataka 240. Huwezi kuchovya waya ule kama mtu anayechovya asali, sharti stima ipitie kituo cha kuipunguza, na kituo ni ghali mno kukijenga kwa maboma matatu. Ni kama gari la abiria la Mombasa, haliwezi kusimama mbele ya kila nyumba ya mnara. Mzee haki yake ni waya mdogo kutoka kituo cha karibu, na kwa hilo asichoke kudai. Isinya yenyewe sasa imekuwa kama jankisheni kuu ya stima. Njia ya volti 400,000 kutoka Mombasa yaishia pale, na njia nyingine yatoka pale kwenda Namanga hata Singida katika Tanzania. Mwaka 2025 Serikali ya Tanzania ilisema itanunua stima ya Ethiopia kwa ajili ya mikoa yake ya kaskazini, ipitie Kenya. Stima ya Ethiopia itapita juu ya mbuzi wetu kwenda Arusha. Haidhuru, reli nayo hubeba mizigo ya Uganda.

Sasa, je, mji kama Kitengela waweza kuahidi kununua? Katiba ya mwaka 2010 imeipa kaunti kazi ya kusambaza stima katika eneo lake, na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 yaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa nishati. Hayo yameandikwa. Lakini kwa kweli muuzaji wetu ni Kenya Power, na taa za barabarani, ofisi, soko na hospitali vyote vinywa katika chungu kimoja. Katika Afrika Kusini mji wa Cape Town ulifika mahali hapo hapo. Ulitaka kununua stima yake moja kwa moja kutoka kwa watengenezaji, Serikali kuu ikakataa, na mwaka 2017 mji ukampeleka Waziri mahakamani. Kesi ilivutana miaka. Mwezi wa Oktoba 2020 kanuni zikabadilishwa, miji yenye hesabu nzuri ya fedha ikaruhusiwa kununua.

Miji yenye hesabu nzuri ya fedha. Yashikeni maneno hayo. Kwani mnakumbuka yaliyotokea Nairobi mwezi wa Februari 2025. Kenya Power iliidai kaunti karibu shilingi bilioni 3 za stima, kaunti nayo iliidai kampuni karibu bilioni 5 za kupitisha nyaya na nguzo katika ardhi yake. Stima ikakatwa katika ofisi za kaunti. Baadaye magari ya kaunti yakaja kumwaga taka mbele ya mlango wa Stima Plaza. Magazeti yalicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu waliotumwa kuzimwaga walikuwa wafanya kazi, waliotumwa kuzizoa ni wafanya kazi, na waliozuiwa kuingia kazini ni wafanya kazi, wakubwa wa pande zote mbili wakiwa wameketi. Basi jua hili, mtu atakayejenga shamba la jua kwa ajili ya mji atakwenda benki kukopa, na benki itauliza, mnunuzi ni nani, hulipa? Kama mnunuzi ana deni la stima ya jana, ahadi yake ya stima ya kesho haitajenga hata choo. Kabla ya kuomba mji wetu uahidi jambo lolote, tuuombe utuonyeshe deni lake.

Neno la pili ni juu ya mikataba yenyewe. Mikataba ya stima ni mirefu, miaka 20, miaka 25. Mtoto aliye mgongoni leo ndiye atakayemaliza kuilipa. Kule Loiyangalani, kando ya ziwa Turkana, mashini 365 za upepo zilikuwa tayari mwaka 2017, lakini waya wa kuleta stima mpaka Suswa ulikuwa haujaisha, ukafika Septemba 2018. Mkataba ulikuwa umeandikwa kwamba mtambo ukiwa tayari, sharti ulipwe, stima ichukuliwe isichukuliwe. Mabilioni ya shilingi yakadaiwa kwa stima ambayo haikuwasha hata taa moja. Sasa mitambo ile yafanya kazi vizuri, megawati 310, wala sisemi iling'olewe. Nasema mtu aliyeandika mstari ule hakuulipa yeye.

Sisi wa reli tunayo elimu yetu katika jambo hili. Mwaka 2006 reli ya Kenya na ya Uganda ilikodishwa kwa kampuni kwa miaka 25. Maelfu ya watu waliachishwa kazi reli ilipotayarishwa kukodishwa. Mkataba wa miaka 25 ulivunjwa mwaka 2017, haukufika hata nusu yake. Injini zilirudi, njia ilirudi. Wale walioachishwa hawakurudishwa. Ndiyo maana mimi nikisikia neno mkataba wa muda mrefu, huuliza kwanza, wa muda mrefu kwa nani?

Na hapa nafika katika shina la maneno yangu. Wako wanachama wasemao chama kisijiingize, stima ni ya mainjinia. Wako wengine, hasa ndugu zetu wa mitambo ya mafuta ya Athi River na makontrakta wao, wasemao chama kipinge kabisa, kwani jua na upepo vitafunga mitambo yao. Hofu yao si ya kijinga. Katika Afrika Kusini mwezi wa Machi 2018 chama kikubwa cha mafundi wa chuma, NUMSA, kilikwenda mahakamani kuzuia mikataba 27 ya upepo na jua, kikihofia kazi za makaa ya mawe. Hakikufaulu, mikataba ilitiwa sahihi mwezi wa Aprili. Miaka minne baadaye, Oktoba 2022, mtambo wa makaa wa Komati ulifungwa. Wafanya kazi wa kudumu wa Eskom walihamishiwa mitambo mingine. Vibarua wa makontrakta, mama wa kupika chakula langoni, wenye nyumba za kupangisha, hao waliachwa na vumbi. Ni watu gani walioumia? Wale ambao hawakuwa na mstari katika karatasi yoyote.

Kwa hiyo mimi sikubali kupinga, wala sikubali kunyamaza. Mitambo ya mafuta itazimwa tu siku moja, kwa kuwa ni ghali, hata chama kikilia. Wazee wetu wa reli waliona injini za moshi zikitolewa, zile Garratt kubwa zenye majina ya milima, dizeli zikaingia. Wachoma moto na wasafisha boila hawakuulizwa maoni yao. Na sasa Tanzania wana gari la stima, kutoka Dar es Salaam hata Morogoro na Dodoma tangu mwaka 2024, shirika lao la reli lanunua stima kwa TANESCO, na bwawa la Nyerere pale Rufiji lina nguvu ya megawati 2,115. Reli yetu mpya ya Mombasa yatumia dizeli. Siku itakapobadilishwa nitataka niwe nimekwisha kufundishwa kazi ya waya wa juu, wala si kuitwa ofisini kupewa bahasha.

Basi kamati yaleta shauri hili. Kaunti ya Kajiado inapoita wananchi kutoa maoni juu ya fedha na mipango yake, kama Katiba inavyotaka, tupeleke maoni yetu kwa maandishi. Tuseme twaunga mkono mji kununua na kutengeneza stima ya jua, lakini kwa masharti. Ahadi iwe ya mtambo mpya, si ya hati tupu. Ianzie mahali ambapo kazi ya stima ni ya mchana, kwani jua ni la mchana: pampu za visima, ofisi, soko, friji za dawa katika hospitali. Zile taa ndefu za mulika mwizi ziwe na betri na fundi anayejulikana jina, maana taa ya jua isiyo na fundi ni nguzo ya kufungia mbuzi. Bei ya yuniti itangazwe mbele ya watu kabla ya sahihi. Mkataba useme mshahara wa kibarua usipungue kiwango cha sheria, useme ni vijana wangapi wa hapa watafundishwa kazi, na useme ya kwamba mtu wa mtambo wa mafuta atakayepoteza kazi atafikiriwa kwanza. Jambo hili la mwisho ndilo watakalolikataa. Ndilo tusilolegeza.

Maswali yaliyoulizwa yalikuwa matatu, nayaandika pamoja na majibu.

Dada mmoja wa kiwanda cha kushona alisema stima ikipotea kazini kwao hurudishwa nyumbani na siku ile hailipwi. Je, stima ya jua ya mji itamsaidiaje? Nilimjibu kweli, haitamsaidia. Kiwanda chake si mali ya mji. Shida yake ni ya mwajiri na ya mapatano ya kazi, na ofisi ya chama imeandika jina la kiwanda na siku zilizokatwa. Tusichanganye mambo mawili tukakosa yote.

Ndugu mwingine aliuliza kama mwenye nyumba anaweza kuweka jua juu ya paa na kuuza stima kwa Kenya Power. Sheria ya mwaka 2019 imefungua mlango huo kwa njia ya kuhesabiana yuniti, siyo kulipwa fedha mkononi. Lakini wengi wetu hapa ni wapangaji, paa si letu.

Mzee wa tatu aliuliza, kama stima yetu karibu yote ni ya mvuke na maji na upepo, mbona ni ghali? Nilisema sababu ni nyingi, kodi zimo, mikopo ya dola imo, nyaya mbovu zimo, na mafuta yamo. Hatuwezi kubishana na mtu yeyote kwa kusema tu ni ghali. Ndiyo sababu niliwaomba msome ule mstari wa mafuta. Kila mwanachama aandike katika karatasi tarehe, fedha aliyolipa, yuniti alizopata, na kiasi kilichokatwa kwa mafuta, kwa miezi mitatu. Asiyejua kuandika aje na simu yake, katibu atamwandikia. Karatasi zipelekwe kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu huo, naye na watu wawili wa kamati watazijumlisha. Ndugu wa mitambo ya Athi River wamechagua mtu wao mmoja aingie katika hesabu hiyo, ili asiwepo wa kusema tumeipika.